Hesabu Mpaka Tatu

Asubuhi ya siku niliyopangiwa kupimwa, mama alinikalisha jikoni tukafanya mazoezi.

Yeye aliigiza daktari. Alikaa upande wa pili wa meza, akasukuma sufuria pembeni, akaniambia nitoke niingie upya. Nilitoka, nikabisha, nikaingia. Nilimsalimu. Nilitazama nyusi zake, nikahesabu mpaka tatu, nikashusha macho, nikatabasamu bila kuonyesha meno yote. Nikamuuliza kama leo amekuwa na wagonjwa wengi. Mama alisema nipunguze sauti, mtu asije akadhani nalalamika. Nikarudia. Mara ya tatu akasema sasa imekaa sawa, akaenda kunipigia pasi gauni.

Tumefanya hivi tangu nina miaka sita. Kabla ya siku ya kwanza ya shule, kabla ya harusi na misiba, kabla ya usaili wa kazi, hata kabla ya kwenda kuchukua nguo kwa fundi cherehani. Sasa nina miaka thelathini na minane. Ilitupasa kucheka siku ile, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona. Tulikuwa tunakwenda kwa daktari ili aione kasoro yangu, nasi tukaamka saa kumi na mbili kuipiga pasi.

Mimi ni fundi mita. Mtu akilalamika kwamba mita yake ya maji inamwibia, inafunguliwa nyumbani kwake na kuletwa kwangu, karakana ya nyuma. Nazifunga sita sita kwenye benchi, napitisha maji, nalinganisha zinachosoma na maji yaliyoingia kwenye tangi. Karakana haina dirisha, inanuka kutu, na hakuna mtu wa kuniuliza habari za nyumbani. Nimekaa humo miaka kumi na mitatu na sijawahi kuomba kitu kingine.

Kisha akaja bosi mpya na wazo jipya, maana bosi mpya haji mikono mitupu. Alisema kila mfanyakazi lazima amjue mteja, kwa hiyo wote tutazunguka, miezi mitatu mitatu, kwenye kaunta ya mbele. Mimi nilianza kwa majaribio ya wiki moja. Nilidumu siku nne. Siku tatu za kwanza nilitazama nyusi za watu wapata mia mbili na kuwahesabia wote tatu. Siku ya nne mzee mmoja aliinama dirishani akaniuliza maji yatarudi lini mtaani kwao. Jibu nilikuwa nalo. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Aliuliza tena. Nikafunga dirisha polepole nisimbane vidole, nikaenda stoo, nikakaa chini katikati ya maboksi ya mita mpya mpaka mfagiaji aliponikuta, saa tano baadaye.

Watu huniuliza kama nililia. Sikulia. Sikuhisi chochote. Mnaujua mkono uliolaliwa usiku kucha, unaushika na kama si wako? Ilikuwa hivyo, mwili mzima, na tangu siku ile haujazinduka vizuri.

Nesi wa kazini aliniuliza maswali mengi, na nilipomwambia habari za mdogo wangu akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa. Bosi naye akasema maneno yake: nikileta karatasi ya daktari kabla ya mwisho wa mwezi, nitabaki karakana. Nisipoleta, ni kaunta au mlango. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Daktari alitaka kitu kimoja tu, mtu aliyenijua nikiwa mtoto. Nikamchukua mama.

Hapa inabidi nimweleze mdogo wangu, maana bila yeye mimi sieleweki. Ana jina lake, lakini mtaa mzima unamwita Vizibo. Alipokuwa na miaka minne hakuna aliyehitaji darubini kumwona. Alipiga kichwa ukutani. Mashine ya kusaga ikiwashwa kwa jirani, alipiga mayowe mpaka akatapika. Alipanga vizibo vya soda kuanzia mlangoni mpaka chini ya kabati, na mtu akigusa kimoja, nyumba haikaliki. Mama alimpeleka kwa madaktari watatu. Wa tatu akasema ni usonji. Wiki hiyohiyo shangazi zangu, dada zake baba, walikuja wakajaza makochi, wakanywa chai, wakataka kujua hilo jambo limetoka ukoo wa nani. Waliuliza huku wanamtazama mama tumboni.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa mpole. Hilo ndilo neno walilonipa. Mtoto wa kiume asipotazama watu machoni anapelekwa hospitali. Wa kike asipotazama watu machoni, mama yake anapongezwa kwa malezi. Sikusema, basi nina heshima. Sikucheza na wenzangu, basi sipendi makundi. Nikikaa kutwa sakafuni napanga vizibo pamoja na mdogo wangu, basi ni dada mwenye subira, Mungu ampe mume mwema.

Vizibo vilikuwa vyangu. Nilianza kuvikusanya kabla mdogo wangu hajazaliwa, nikavipanga kwa rangi, kisha kwa kiasi cha kutu. Yeye alipoanza kutambaa alivikuta, akakaa kando yangu, akanyoosha mstari. Jina analoitwa ni jina langu. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Siku hizi ana miaka thelathini na mmoja. Anapanga trei kwenye kiwanda cha mikate, ameziba masikio kwa pamba, na anatania watu. Kelele bado hazipendi lakini anatoka nje anasubiri ziishe. Mayowe yaliisha akiwa na miaka kumi na kitu. Akichoka anasema nimechoka, anaondoka, hata kama bwana harusi anahutubia, na watu wanacheka na kumfungulia njia. Yeye kila mwaka anapungua na mimi naongezeka.

Chumba cha daktari kilikuwa na viti vitatu, sanduku la midoli, na feni ya darini iliyogonga kila ilipomaliza mzunguko. Tak. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, miwani ameipandisha kichwani. Niliingia, nikamsalimu, nyusi, moja, mbili, tatu, nikamuuliza kama leo amekuwa na wagonjwa wengi. Alicheka akasema wengi mno. Mama, nyuma yangu, alishusha pumzi.

Nilifanya vizuri kila kitu. Alinipa kitabu cha picha nisimulie, cha watoto, hakina maneno, nikakisimulia kwa sauti ya mtangazaji wa redio na nikaweka mshangao mahali pa mshangao. Aliniambia jambo dogo la kusikitisha lililompata mbwa wake. Nikainamisha kichwa, nikasema pole sana, nikauliza mbwa anaitwa nani. Aliniuliza kama kuna kitu chumbani kinanisumbua. Feni ilikuwa imegonga mara mia nne na kumi na mbili. Nilisema hapana, kwa sababu mgeni halalamikii feni ya mwenyeji.

Kisha akamgeukia mama, akauliza nilikuwa mtoto wa namna gani.

"Huyu?" mama alisema. "Hakunisumbua hata siku moja."

Akauliza marafiki. Mama akasema nilikuwa nao tele, wazazi wao wenyewe wakiomba niende kwao. Alikuwepo mmoja tu, binti wa jirani, na alikuja kwa ajili ya hesabu, alipofaulu mtihani hakurudi. Akauliza chakula. Mama akasema nakula kila kinachowekwa mezani. Mpaka nina miaka kumi na mitano sikula chakula kilichogusana na kingine kwenye sahani, na mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akinipakulia kwenye vibakuli vitatu. Akauliza nguo, kelele, mabadiliko ya ratiba. Hakuna shida, hakuna shida, hakuna shida.

Niliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia mara mbili watu walipokuja kuniposa. Mtoto wangu ni mtulivu, mtoto wangu anajua jiko, mtoto wangu hana makuu. Aibu zote zimekunjwa zimewekwa chini ya godoro. Daktari huyu angekuwa na kaka, ningerudi nyumbani nimechumbiwa.

Daktari alijumlisha alama zake, akashusha miwani. Alisema nimekaribia lakini sijafika. Alisema pia, na nilipenda alivyolisema bila kuzunguka, kwamba vipimo hivi vimekulia kwenye watoto, na wengi wao wa kiume. Mwanamke wa umri wangu hufika mbele yake akiwa na miaka thelathini ya kujifunza kufanana na wengine, na mara nyingi kinachoonekana ni uchovu tu. Alikuwa na mashaka yake, lakini mashaka hayaandikwi kwenye barua.

"Nikikuandikia kwa haya niliyoyaona leo, nitakuwa nimedanganya," alisema. "Rudini Alhamisi. Mama nitamhitaji tena. Na tafadhali, Alhamisi msijiandae."

Mimi na mama tulitazamana, kwa bahati mbaya, machoni kabisa. Tukaacha haraka.

Njiani nilifikiria mita. Mita mbovu ukiipitishia maji ya kasi inasoma vizuri tu, inaweza kukudanganya mchana kutwa. Ubovu wake unaonekana ukifungulia maji kidogo, yanayotiririka taratibu, na wewe ukakaa. Wengi hawana muda wa kukaa. Mimi ninao, na kwa hiyo nalipwa. Nilifikiria hivyo, wala haikunisaidia.

Nyumbani mama alianza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nikakasirika. Nalisema kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza kulihisi tangu siku ya stoo, na nilisimama mlangoni kidogo nikilikagua, kama kweli ni hasira. Ilikuwa hasira.

"Mama, kwa nini umesema nilikuwa na marafiki?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

"Mtoto wa kike hasemwi mbele ya watu."

"Yule ni daktari."

"Kwani daktari si mtu?"

Alisuuza kikombe. Akasema karatasi ikishaandikwa imeandikwa, haina kifutio. Akasema mdogo wangu ameandikwa, na mpaka leo watu wakimpa mkono wanampa kama wanampa mtoto. Nikamjibu kwamba mdogo wangu analala usingizi. Nikamweleza kaunta, kwa utaratibu, siku moja baada ya nyingine, kama ninavyoandika ripoti ya benchi. Nikamwambia nikirudishwa pale nitanyamaza tena, na safari hii sijui kama sauti itarudi. Sikupandisha sauti. Kikombe kilekile alikuwa anakisuuza bado.

Nikauliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza kwa miaka thelathini na miwili. "Ile ya kuhesabu mpaka tatu. Nani alikufundisha?"

Mama alifunga bomba.

"Hakuna," alisema. "Nilipoolewa na baba yako, bibi yako alisema nina macho makavu, nawakodolea watu kama natafuta kitu kwenye nyuso zao. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikakaa pembeni nikawatazama wenzangu wanafanyaje. Niliwahesabia. Wengi ni tatu. Mama mkwe ni mbili."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja vipimo vya unga. Kisha akasema kichwa kinamuuma, akaenda kulala, saa nane mchana. Mama hulala kila wageni wakiondoka, kila akitoka kwenye shughuli, mapazia yamefungwa na kitambaa machoni. Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tunaambiana ni presha. Nilisimama jikoni nikavitazama vikombe. Vyote vilikuwa vimegeuziwa mikono upande mmoja, kama vilivyokuwa siku zote.

Alhamisi hatukufanya mazoezi. Nilikunywa chai bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza chai ilikuwa na ladha ya chai. Mama alitoka chumbani na gauni la nyumbani, lenye doa la mafuta kifuani, na ndala. Nilimuuliza kama habadilishi. Akasema daktari kasema tusijiandae. Alilitii agizo neno kwa neno, kama alivyotii kila agizo maishani mwake, na tulitembea hivyo mpaka hospitali.

Daktari alimkaribisha. Mama hakukaa. Alisimama ameshika mgongo wa kiti.

"Naomba nikigeuze," alisema.

Daktari akasema akigeuze atakavyo. Mama alikigeuza kikatazama ukuta, mahali palipokuwa na kalenda ya zamani, akakaa, akatupa kisogo. Kisha akaongea, saa nzima na zaidi, na sauti haikuwa ile ya posa wala nyingine yoyote niliyowahi kuisikia kwake. Ilikuwa bapa, ya haraka, haina tabasamu ndani. Ilikuwa inafanana na yangu ninapokuwa peke yangu na mita.

Alisema nilitembea kwa vidole vya miguu mpaka nina miaka saba. Alisema nilitafuna kola za mashati ya shule, akawa anazishona upya kila Ijumaa, jumla kola kumi na tisa. Alisema nikirudi shule nilikuwa naingia ndani ya kabati la nguo na kufunga mlango mpaka wakati wa chakula, na majirani wakiniulizia aliwaambia nasoma. Alisema nikiwa na miaka kumi na miwili niliacha kusema muhula mzima. Shuleni akapeleka taarifa kwamba nina mafindofindo. Barua ile aliiandika mwenyewe akaiga mwandiko wa daktari. Alitaja mwezi. Alitaja rangi ya kabati.

"Na vizibo vilikuwa vya huyu," aliuambia ukuta. "Watu wanasema vya mdogo wake. Mdogo wake alivikuta."

Hapo nilihisi kitu. Sikukijua jina, na sikukitafutia. Nilidhani hakuna aliyeona, kumbe yupo aliyekuwa ameona kila kizibo.

"Kwa hiyo ulijua," daktari alisema.

"Tangu ana miaka mitatu. Yule wa kiume ningemficha vipi? Alipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Huyu alikuwa anafichika, nikamficha. Mmoja watu wanasema bahati mbaya. Wakiwa wawili wanasema ni tumbo. Nilifikiri namsaidia. Nilikuwa namsaidia. Alimaliza shule, akapata kazi. Sikujua kama kuna siku mtu anaishiwa."

Wanasema mficha uchi hazai. Mama alizaa wawili na akamficha mmoja, na methali ikabaki kumtazama. Sikuwa na hasira tena. Niliitafuta nikaikosa.

Daktari aliandika muda mrefu. Kisha akauliza, kwa upole, jinsi gani mama aliweza kunijua mapema hivyo, wakati hata madaktari wa siku zile hawangejua, hasa kwa mtoto wa kike asiye na kelele. Feni ikagonga. Ikagonga tena.

"Hii feni yako ina nati imelegea," mama alisema. "Inanigonga tangu Jumatatu."

Daktari aliinua macho darini. Nadhani hakuwa ameisikia maisha yake yote. Alinyanyuka akaizima, na chumba kikanyamaza mara moja, na mabega ya mama yakashuka, na yangu yakashuka, wakati uleule. Daktari alituona. Alituona wote wawili, mmoja kwa uso, mwingine kwa kisogo.

"Nilimjua kwa sababu nilijijua," mama alisema. "Basi. Andika."

Daktari alimwambia kwamba, akitaka, naye anaweza kupangiwa siku yake. Umri si kikwazo. Mama alisema yeye ameshazeeka, ameshazoea, aandike ya mtoto. Alisema mtoto, na mimi nina mvi tatu mbele.

Barua ilikuwa na aya mbili. Ripoti kamili ingekuja baadaye, lakini hizo aya mbili zilitosha, na saa sita mchana nilikuwa nazo mbele ya bosi. Alizisoma amesimama, karibu na kaunta. Alizisoma mara ya pili. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mbona huonekani hivyo?"

Nilipeleka macho kwenye nyusi zake, nikahesabu moja, nikaishia hapo. Nikatazama stepla yake badala yake. Ilikuwa stepla ya kijivu, imeandikwa jina la idara kwa kalamu ya rangi.

"Ni mazoezi," nilimwambia.

Alisubiri niendelee. Sikuendelea. Akaitia barua kwenye faili, akasema sawa, rudi karakana. Nilirudi. Nilikuwa nimedhani nitafurahi. Nilifunga mita sita kwenye benchi, nikafungulia maji kidogo kidogo, nikakaa kuzitazama. Furaha haikuja, labda nayo ilikuwa kwenye foleni. Kilichokuja ni kwamba vidole vyangu vilihisi ubaridi wa bomba, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Niliporudi nyumbani saa kumi jioni, mama alikuwa jikoni, kiti amekigeuza kinatazama ukuta. Mkononi kikombe cha chai. Mapazia yalikuwa wazi na hakuwa amelala. Hakugeuka. Nilisimama, nikafikiria la kusema, na katika yote niliyofundishwa kwa miaka thelathini na miwili hamkuwa na la kufaa hapo. Nikajimiminia chai. Nikavuta kiti changu, nikakigeuza, nikakaa kando yake. Ukuta ule una ufa mmoja mwembamba, unaanzia kwenye swichi unapanda mpaka juu. Tuliutazama. Nilimwambia wamenibakiza karakana. Alisema vizuri. Tukaendelea kunywa.

Vizibo alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, unga bado upo kwenye nyusi. Alisimama mlangoni muda.

"Mmegombana?"

"Hapana," mama alisema. "Tunapumzika."

Alilifikiria hilo. Alitoa pamba masikioni, akaziweka mfukoni, moja kila mfuko. Akaenda akachukua kiti cha tatu, akakigeuza, akakiweka upande wa pili wa mama, akakisogeza mpaka kikalingana na vyetu.

"Kwani mlikuwa mmechoka?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Tangu lini?"

Mama aliweka kikombe sakafuni. Midomo yake ilianza kutembea, nami nikasikia anahesabu miaka kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu. Hakuishia tatu. Akaendelea, kumi, kumi na moja, ishirini, naye Vizibo na mimi tukakaa kimya tukimsubiri afike.